GPS tatu, sonari mbili, na bado chombo kinaenda mrama

Nilikuwa nimeapa kwamba mwezi huu nitaandika juu ya hifadhidata tu. Basi, nimevunja kiapo. Leo naandika juu ya boti ya uvuvi, na naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie.

Nina shemeji yangu huko Watamu. Ana boti ya kuvulia yenye mashine mbili. Kwa shemeji, mtu yeyote anayeandika programu za tarakilishi ni fundi wa kila kitu chenye waya. Nimeshatengeneza redio yake, nimeshatengeneza jenereta ya mama yake (sikuitengeneza, niliipiga teke ikawaka). Mwisho wa kaskazi akanipigia simu: "Shemeji, nimenunua GPS nyingine. Njoo uiunganishe na zile zingine."

Zile zingine? Nilipofika nikazihesabu. Mbele ya usukani kuna skrini kubwa mpya ya inchi 9, yenye ramani, GPS na sonari ndani yake. Kando yake kuna skrini ndogo ya zamani, nayo ina GPS na sonari. Kwenye sanduku kuna GPS ya tatu, ile ya kushika mkononi. Na alikuwa tayari anaweka pesa za ya nne.

Nikamuuliza, za nini zote hizi? Akanijibu kama mtu anayemfundisha mtoto: "Usalama, shemeji. Moja ikifa iko ya pili. Ya pili ikifa iko ya tatu."

Hoja hii naisikia kila mahali, hata ofisini kwetu watu wakinunua seva. Ni hoja tamu, na ni hoja mbovu. Vyombo vingi si usalama. Usalama ni vyombo vinavyoharibika kwa njia tofauti, pamoja na mtu anayevilinganisha. Ukikosa hayo mawili umenunua taa za kupendeza tu.

Hebu niwaeleze yaliyotupata jioni ile.

Tulitoka asubuhi tukiwa sita, tukapata nguru na kolekole wa kutosha, tukachelewa kurudi. Wanaojua pwani yetu wanajua kwamba ndani huingii popote upendapo. Kuna mwamba, na mwamba una mlango. Jioni jua liko upande wa nchi kavu, linakupiga machoni, huwezi kusoma rangi ya maji ukajua jiwe liko wapi. Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, akapunguza mwendo. Shemeji akatazama skrini zake.

Skrini kubwa ikasema mlango uko pale. Ndogo ikasema hapana, mlango uko kusini yake, karibu mita 300. Shemeji akatoa ile ya mkononi, ikakubaliana na kubwa. "Mbili kwa moja!" akasema. "Tufuate kubwa."

Mita 300 kwenye mlango wa mwamba ndiyo tofauti ya kulala nyumbani na kulala juu ya jiwe. Nahodha hakujibu kitu. Akamtuma kijana akae omo na bildi ya kupimia maji, akatafuta mvinje mmoja mrefu na taa ya hoteli, akazilinganisha mpaka zikawa mstari mmoja, tukaingia polepole. Tuliingia pale skrini ndogo iliposema. Zile mbili zilikuwa zimekosea.

Usiku sikulala mpaka nijue kwa nini. Kila ramani hujengwa juu ya makadirio fulani ya umbo la dunia. Ramani za zamani za ardhi ya Kenya zilitumia makadirio yaitwayo Arc 1960. GPS yenyewe hutumia WGS84. Namba ileile ukiisoma kwa Arc 1960 halafu ukaisoma kwa WGS84, mahali panahama karibu mita 300 kaskazini au kusini. Skrini ndogo iliwekwa kwenye Arc 1960 miaka iliyopita, sijui na nani, na namba za mlango zilihifadhiwa ndani yake boti ikiwa palepale mlangoni. Kwa hivyo yenyewe ilikuwa sawa. Kisha shemeji akainakili namba hiyo kwa kalamu na kuiingiza kwenye zile mbili mpya, ambazo ziko kwenye WGS84.

Mnaona ubaya wake? Zile mbili hazikuwa mashahidi wawili. Zilikuwa shahidi mmoja aliyenakiliwa mara mbili. Ukimuuliza mtu mmoja swali mara mbili huwezi kusema umepata kura mbili. Na angekuwa na GPS ya nne, kura zingekuwa tatu kwa moja, tena kwa kishindo zaidi.

Kosa hili lina ndugu yake, nalo ni jinsi namba inavyoandikwa. Nyuzi 3 na dakika 21.6 kusini si sawa na nyuzi 3.216. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Ukichanganya mitindo hiyo miwili kwenye namba hii, unakosea kwa karibu kilomita 16. Chombo hakitakulalamikia. Kwake zote ni namba halali.

Haya, tuache makosa ya binadamu. Tuje kwenye kufa kwenyewe, ile "moja ikifa".

Kwanza, umeme. Nilifuata nyaya za boti ile kwa mkono. Skrini zote mbili, taa na pampu ya maji vinakula kwenye betri moja kupitia fyuzi moja. Fyuzi hiyo ikiungua, "ya kwanza" na "ya pili" zinazima kwa sekunde moja. Tena pigeni hesabu: skrini nne zikila ampea 1.5 kila moja ni ampea 6. Saa 10 baharini ni ampea-saa 60. Betri ya kawaida ya asidi ya 100 haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hivyo GPS ya nne, iliyonunuliwa kwa usalama, ndiyo inayoweza kukunyima umeme wa kuwasha mashine.

Pili, programu. Ishara ya GPS ya asili huhesabu wiki kwa biti 10, yaani kutoka 0 hadi 1023, halafu hurudi 0. Ilirudi 0 usiku wa kuamkia 22 Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Vyombo ambavyo waundaji wake hawakujiandaa huanza kusema leo ni miaka karibu 20 iliyopita, na vingine huchanganyikiwa zaidi ya hapo. Ukiwa na vyombo vitatu vya kampuni moja, vyenye programu moja, vitaugua siku moja. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili: ukinakili kosa kwenye mashine tatu, una mashine tatu zenye kosa.

Tatu, ishara. Setilaiti za GPS ziko juu karibu kilomita 20,200, na ishara yake inapotufikia ni dhaifu mno. Mtu mwenye mtambo mdogo anaweza kuizima au kuighushi. Juni 2025, huko Ghuba na Mlango wa Hormuz, meli nyingi zilionekana mahali zisipokuwepo, nyingine hata nchi kavu. Meli hizo hazikukosa vyombo. Lakini GPS kumi zinazosikiliza anga moja hudanganywa pamoja.

Na sonari? Shemeji anasema mbili ni bora kuliko moja. Sonari hutuma sauti chini na kusubiri mwangwi. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hivyo penye kina cha mita 30 mwangwi hurudi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde. Nilipowasha zote mbili, kila moja kwenye kilohezi 200, kila moja ikaanza kusikia kelele za mwenzake. Skrini zikajaa mistari ya mshazari kama mvua ya masika. Shemeji akapiga kelele kwa furaha: "Ona samaki hao!" Hapakuwa na samaki. Ilikuwa mashine mbili zikizomeana.

Nikaiweka moja kwenye kilohezi 50, inayofika kina kirefu na kutazama eneo pana, nyingine nikaiacha kwenye 200, yenye kuona vitu vidogo vizuri lakini eneo jembamba. Hapo zikawa na maana, kwa sababu sasa zinafanya kazi mbili tofauti. Lakini msisahau: sonari hizi hutazama chini, hazitazami mbele. Mwale wa nyuzi 20 kwenye kina cha mita 30 unaona duara la mita 10 na nusu hivi chini ya boti. Jiwe lililo mbele utaliona ukiwa juu yake.

Kuna atakayesema, huyu anazungumza juu ya boti ndogo na watu wasiosomea. Haya, tuende kwa waliosomea. Tarehe 9 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty iliondoka Bermuda kuelekea Boston, Marekani, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Kabla ya saa moja kwisha, kebo ya antena ya GPS ilichomoka. GPS haikuzima. Ilianza kukisia mahali ilipo kwa mwendo na uelekeo tu, bila kujua upepo na mkondo, ikaandika herufi chache ndogo kwenye kioo kueleza hivyo. Hakuna aliyezitilia maanani. Usukani wa kujiendesha ukaifuata. Baada ya saa 34 hivi, usiku wa tarehe 10, meli ilipanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 kutoka pale maofisa walipodhani wapo.

Sikilizeni hapa sasa. Meli hiyo ilikuwa na chombo cha pili, cha mfumo tofauti kabisa, Loran-C, kinachotumia minara ya nchi kavu. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kinasema kweli safari nzima. Ilikuwa na kipima kina pia, lakini king'ora chake kilikuwa kimewekwa kwenye mita 0, yaani kilie meli ikiwa imeshagusa chini. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Kila kitu ambacho shemeji anataka kununua, wao walikuwa nacho. Walichokosa ni mtu wa kutazama namba mbili na kuuliza, mbona hazifanani?

Sipingi GPS. Kabla ya tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliiharibu makusudi ishara ya raia, kosa likafika mita 100. Ilipoacha, wavuvi wa dunia nzima walipata zawadi. Wala simfanyi nahodha wetu kuwa malaika. Mvinje hukatwa, hoteli huzima taa, mvua hufunika pwani yote. Lakini alichokuwa nacho nahodha hakikutoka kwenye betri ile, wala kwenye namba ile iliyonakiliwa. Ndiyo maana kilitufaa. Angekuwa mzee wa pili mwenye kuikodolea macho skrini ileile, tungekuwa jiweni.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mwenye boti ni mfupi. GPS moja nzuri kwenye usukani. Ya pili iwe ya kampuni nyingine, yenye betri zake yenyewe, kwenye mfuko usioingia maji. Zote ziwe WGS84, zote ziandike namba kwa mtindo mmoja, na mtindo huo uandikwe kwenye kibandiko kando ya usukani. Namba za mlango msinakili. Piteni mchana na kila chombo kihifadhi chake. King'ora cha sonari kiwekwe kwenye kina kitakachowapa nafasi ya kusimama. Dira, bildi na daftari: kila nusu saa mtu aandike GPS zote mbili zinasema nini, na zikitofautiana mwendo upungue kwanza, ubishi baadaye.

Pesa zitakazobaki, na zitabaki, zinunue vitu ambavyo boti ya shemeji haina. Haina redio ya VHF ya kuita kwenye chaneli 16. Haina kile kifaa cha kuita msaada kupitia setilaiti kwa megahezi 406. Na kitu kilichonitia hasira hii yote: jioni ile tulikuwa watu sita, mbele yetu skrini mbili zinang'aa na ya tatu mkononi, na jaketi za kuokolea maisha zilikuwa mbili. Mbili! Nilizihesabu nikiwa nimekaa juu ya sanduku lake, mwamba ukinguruma upande wa kulia, nikijiuliza nani kati yetu atavaa.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakuona skrini, lakini walijua kwamba wengi wanaosema bila kupatana ni hatari kuliko mmoja anayesema na kusahihishwa.

Nimemwandikia shemeji haya yote kwa urefu kuliko hapa. Amejibu kwa neno moja, "Sawa," na ninyi mnajua "sawa" ya shemeji ina maana gani. Boti inatoka tena Jumamosi. Ijumaa nateremka Watamu na jaketi nne kwenye basi, nimezinunua mwenyewe, na GPS ya nne akiinunua ataiunganisha mwenyewe.