Kijiti cha ngazi kikilegea, tusingoje mtoto aanguke

Bukavu ni mji wa milima. Huku Kadutu, kufika nyumbani mara nyingi ni kupanda ngazi. Na pale familia iliyokimbia vita imepokelewa na jamaa, ngazi ya watu watano inapitwa na kumi, wengi wao watoto.

Vijiti vya ukingo vikianza kucheza, mwenye nyumba anamtupia mpangaji, mpangaji anasema nyumba si yake. Maoni yangu: anayeona kwanza atengeneze, gharama ikatwe kwenye kodi kwa mapatano.

Kuongeza msumari si dawa, unapasua mbao. Toa kijiti, kwangua kole ya zamani, paka mpya. Tundu likiwa limepanuka, shindilia kabari nyembamba ya mbao. Ukitia visi, toboa kwanza tundu dogo. Usiku mzima mtu asiegemee. Kilichokosekana kirudishwe: nafasi kati ya vijiti isizidi sentimeta 10, mtoto asipenye.

Na wewe uliyepokelewa, usione haya kusema ngazi inacheza. Humlaumu aliyekupokea, unalinda watoto wake na wako.