Mgongo wa Mama Si wa Punda

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii twaiandika kila siku katika insha, lakini nyumbani hatuifuati.

Hebu tazama Kitui na Makueni wakati wa kiangazi. Mama zetu na dada zetu hushuka mtoni, huchimba mchanga wakitafuta maji, kisha hupanda mlima na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda uitwao mukwa ukiwabana kipajini. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mtungi wenyewe hatujauhesabu. Baadaye mama akilalamika kuwa kiuno chamuuma na mguu unamwaka moto hadi unyayoni, tunasema eti amerogwa!

Jamani, huo si uchawi. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna diski, mfano wa mto mdogo wenye kiini laini. Diski ikipasuka, kiini hutokeza na kubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Kuinua mizigo mizito kila siku huongeza hatari hiyo. Mwaka 1934, madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, walieleza jinsi ya kukiondoa kipande hicho kwa kufungua mgongo. Siku hizi kuna njia ya endoskopia. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera katika tundu la kama sentimita 1, akakitoa akitazama kwenye skrini.

Wengine wakisikia hivyo, mara moja wanauza ng'ombe na kuitisha harambee. Mimi nasema, polepole! Wagonjwa wengi wa diski hupata nafuu bila kisu, baada ya wiki kadhaa au miezi michache, kwa dawa za maumivu, mazoezi ya viungo na kutembeatembea. Upasuaji ni wa yule ambaye maumivu yamekataa kuisha au mguu unazidi kulegea. Lakini mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, au akifa ganzi sehemu za kukalia, asingoje hata siku moja. Apelekwe hospitali.

Tena, upasuaji ukifaulu, mama atarudia mtungi ule ule. Kwa hivyo dawa kubwa ni maji yawe karibu. Ujuzi tunao. Vikundi vya wanakijiji vimejenga mabwawa ya mchanga katika wilaya hizi zote mbili tangu zamani, ambazo leo ni kaunti. Ukuta hukingamishwa kwenye mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa humo jua lisiyanywe. Viongozi wetu wayaongeze.

Nanyi wavulana wenzangu, likizo ikifika ni nani huteka maji kwenu? Kama punda yupo, abebe yeye. Kama hayupo, mnayo mabega. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii kitakachovunjika ni mgongo wa mama yake.