Akirudia kuruka kwa ajili ya simu, yuko kazini

Vijana wetu wa Nainokanoka, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, wanafanya kazi saa zilezile ambazo wazee wanadhani wanacheza, na hakuna anayewalipa. Mimi ni mzaliwa wa huku, dereva wa watalii. Wageni wakipanda kreta ya Olmoti na askari wa hifadhi kutazama maporomoko ya Mto Munge, mimi hubaki chini na wachungaji, akiwamo mpwa wangu.

Kuchunga kulikuwa na mapumziko yake. Ng'ombe wakitulia, wavulana waliimba, wakashindana kuruka, wakajilaza majanini. Siku hizi simu inaegemezwa kwenye jiwe, shuka inawekwa sawa, mmoja anaruka. "Rudia, upepo umeharibu sauti." Anaruka. "Rudia, uso hauonekani." Ng'ombe wameshateremka bondeni, wao bado wanarudia. Usiku, badala ya kulala, mpwa wangu anahesabu waliotazama video zake. Nikimkanya hunijibu, "Mjomba, Kili Paul alianza hivi hivi." Na ni kweli: Kili Paul alijirekodi kijijini kwao mkoani Pwani, na Februari 2022 Ubalozi wa India ukamtunuku kwa video zake za nyimbo za Kihindi. Mpwa wangu hajarudisha hata hela ya bando.

Ngoma kuwa kazi si jambo geni hifadhini. Kwenye maboma ya utamaduni, kama Irkeepusi na Seneto, vijana huruka mbele ya wageni. Ila pale gari linalipa kiingilio, na la mwisho likiondoka, kazi imekwisha. Kwenye simu hakuna gari la mwisho. Tena nimewahi kuikuta klipu ya mpwa wangu kwenye tangazo la wakala mmoja wa safari. Hakuulizwa, hakulipwa.

Serikali imeshakubali kuwa hii ni kazi: Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni. Kama kodi imewaona, ujira nao uwaone. Wakala anayetaka picha za kijana aandikiane naye na amlipe, kama anavyolipa bomani. Nasi wajomba na wazazi tuwapangie siku za kurekodi, siku nyingine simu zibaki nyumbani, waruke kwa raha zao. Kwenye gari langu nimeshaanza: hakuna mgeni anayempiga picha mchungaji kabla hatujasimama, tukasalimiana naye na kuelewana bei.