Kusoma si kuimba herufi

Pita nje ya darasa la pili au la tatu katika shule za Nyanza-Lac, Rumonge au kule Kobero, utasikia watoto wakisoma kwa sauti moja hadi mabati yanatetemeka. Mzazi anayepita na mzigo wake kichwani hufurahi na kusema watoto wanasoma. Lakini ingia ndani, umchague mmoja, umgeuzie kitabu juu chini. Wapo watakaoendelea kusoma bila kukosea hata neno.

Hao wamekariri. Nasema hivi bila kuwalaumu walimu. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005 madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto themanini na vitabu vichache atafanya nini kama si kuwaimbisha? Hata hivyo ipo njia nyingine ambayo haihitaji vitabu vingi, nayo ni kumfundisha mtoto mdogo kusoma kwa makini: maandishi machache, yanayosomwa zaidi ya mara moja, na kila jibu lionyeshwe limetoka wapi.

Tuchukue mfano. Mwalimu anaandika ubaoni: “Mama Neema aliamka kabla ya jua kuchomoza. Alibeba kapu la dagaa kwenda mpakani. Alikuta watu wengi wamepanga mstari. Alirudi usiku, kapu likiwa tupu.” Sentensi nne tu. Mara ya kwanza mwalimu anasoma mwenyewe, watoto wanasikiliza. Mara ya pili wanasoma pamoja. Mara ya tatu wanasoma wawili wawili, kidole kikifuata neno.

Kisha anauliza: dagaa waliuzwa? Darasa zima litajibu ndiyo. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mwalimu asiseme vizuri wala vibaya, aulize tu: imeandikwa wapi? Mtoto atakwenda ubaoni kutafuta neno “aliuza” na hatalikuta. Mwingine atasema kapu lilikuwa tupu, kwa hiyo aliuza. Wa tatu, ambaye huenda mama yake anafanya biashara hiyo hiyo, atasema labda walimnyang'anya. Wote wawili wana sababu, na wote wawili wamelazimika kurudi kwenye maandishi. Sasa mwalimu aongeze sentensi ya tano: “Watoto walimpokea akitabasamu.” Awaulize tena, aone nani atabadili jibu lake na kwa nini. Nusu saa imekwisha, na mtoto wa miaka minane amejifunza kutofautisha kilichoandikwa na alichokidhani.

Hata neno dagaa lina somo lake. Mtoto aliyetoka Kigoma atalijua mara moja, wa Bujumbura atasema hizo ni ndagala. Waachiwe waelezane.

Watoto wa waliorejea ndio wananifanya niandike haya. Kuanzia mwaka 2008 familia nyingi za wakimbizi wa 1972 zilirudi kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watoto wao walikuwa wamesomeshwa kwa Kiswahili. Walikuta Kirundi na Kifaransa. Wengi walirudishwa madarasa ya chini wakakaa na wadogo zao, wakaonekana wazito wa akili. Tangu 2017 wamerejea wengine, kutoka Nduta, Mtendeli na Nyarugusu, na ingawa kambini walifuata mtaala wa Burundi, wengi wamekulia katikati ya lugha mbili.

Mtoto wa namna hii, ukimpima kwa kuimba, ataimba na wenzake na hutajua kama ameelewa. Ukimwuliza “imeandikwa wapi?” utajua siku hiyo hiyo kama kinachomshinda ni herufi, au ni lugha, au ni mawazo. Hizo ni shida tatu tofauti, na dawa zake ni tofauti. Kipindi cha Kiswahili, pale kilipo, kingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hapo yeye ndiye anayewaongoza wenzake. Akishazoea kurudi kwenye sentensi kutafuta ushahidi, tabia hiyo ataihamisha kwenye Kirundi na hata Kifaransa.

Na lugha ina uzito kweli. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2014 uliohusu nchi kumi za Afrika, watoto wa Burundi wa darasa la pili waliongoza katika lugha: karibu wanane kati ya kumi walifikia kiwango, wakati wastani wa nchi zote haukufika watatu kati ya kumi. Hao walipimwa kwa Kirundi, lugha wanayoota nayo. Walio mwisho wa shule ya msingi, waliopimwa kwa Kifaransa, hawakung'ara hivyo.

Wako watakaosema mtoto ajue herufi kwanza, kuelewa kutakuja baadaye. Herufi lazima, sikatai. Lakini mtoto wa miaka sita akisimuliwa hadithi jioni anauliza sungura alijuaje, na fisi alikuwa wapi. Uwezo anao tayari. Shule ndiyo inayomwambia aache kuuliza.

Mfanyabiashara wa mpakani anajua gharama ya kutosoma vizuri. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kinamwondolea ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Hakimwondolei kodi nyingine, wala kibali cha afya ya mimea. Anayeona neno “ushuru” na kuruka yaliyobaki hugombana na maofisa bure, na anayetia saini hutamka kwamba bidhaa zimetoka humu humu, awe amesoma au hakusoma. Kwa waliorejea kuna karatasi za mashamba, ambamo neno moja kama “kugawana” au “kurudishiwa” linaamua watoto watalima wapi.

Ninachoomba kwa wakurugenzi wa elimu wa tarafa za mpakani ni kipindi kimoja kwa wiki, sentensi nne au tano ubaoni, kuanzia darasa la pili, na mwalimu asihesabiwe kuwa amechelewesha mtaala. Mzazi naye, hata asiyejua kusoma, anaweza kumkalisha mwanawe na daftari jioni, amwambie asome, kisha aulize: hilo ulilosema limeandikwa wapi, nionyeshe kwa kidole.