UZI: Pilipili inasingiziwa. Supu ya kamba ya Cajun na sisi watu wa presha

1/13
Leo nesi wenu nimekuja na sufuria. Wengi mnaonifuata mko Marekani, na wengi mmeshaionja supu ya kamba ya Cajun, ile ya kahawia iliyoiva inayokutoa jasho mpaka puani. Swali linalojaa inboksi ni moja: "Sister, nina presha, hii naruhusiwa?" Wengi mmeshajibiwa hospitali harakaharaka: acha pilipili, acha kamba, acha supu. Mimi nasema jibu hilo ni la uvivu, na linaumiza watu. Ipike mwenyewe nyumbani, iwashe unavyotaka, ila vita yako iwe na chumvi. Nitaeleza kwa nini, halafu natoa mapishi yote. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

2/13
Kwanza tujue tunapika chakula cha nani. Wacajun ni watu wa Louisiana ya kusini. Mababu zao walikuwa Wafaransa waliokaa Acadia, eneo ambalo leo ni Nova Scotia na majirani zake huko Kanada. Kuanzia 1755 Waingereza waliwafukuza, wakatawanywa huku na kule, na baadhi yao wakaishia kwenye mito na mabwawa ya Louisiana. Hata hilo jina Cajun ni "Acadian" lililofupishwa midomoni mwa watu. Hawakuwa matajiri. Walipika walichovua na walichofuga, sufuria moja, watoto wengi. Utamu ulitoka kwenye maganda, mifupa, vitunguu na subira. Hilo lishikeni, nitalirudia.

3/13
Tena hawakupika peke yao. Bamia ilifika Marekani enzi za biashara ya utumwa, na neno gumbo, jina la supu nzito inayojulikana kuliko zote Louisiana, wataalamu wengi wa lugha wanalirudisha kwenye jina la bamia katika lugha za Kibantu, kama kingombo cha Kimbundu kule Angola. Ndiyo, Kibantu, ukoo mmoja na Kiswahili chetu. Wenyeji wa nchi ile, Wachoctaw, nao walichangia unga wa majani ya mti wa sassafras, unaotumika mpaka leo kuzitia supu uzito. Kwa hiyo ukisimama na mwiko mbele ya sufuria hii usijione mgeni sana. Babu wa mbali wa mtu fulani wa kwetu alishapita jikoni humo.

4/13
Sasa pilipili. Watu wanaiogopa kama sumu. "Itanitoboa tumbo." Jamani! Miaka ya 1980 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vidonda vya tumbo husababishwa sana na bakteria, Helicobacter pylori. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama ibuprofen, diklofenaki na aspirini. Ukiwa tayari una kidonda au kiungulia, pilipili itakuchokoza, basi punguza. Lakini ugonjwa wa presha hauletwi na pilipili. Kinachonichekesha na kuniliza ni mtu anayekwepa pilipili huku anameza ibuprofen kila siku kwa ajili ya goti. Hiyo ibuprofen ndiyo inaweza kupandisha presha na kumfanya abaki na maji mwilini.

5/13
Mwenye kosa halisi huyu hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na chumvi gramu 5, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Sasa geuza ile chupa ya viungo vya Cajun usome. Sheria ya Marekani inataka viungo viandikwe kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Kwenye chupa nyingi cha kwanza kabisa ni chumvi. Unalipia chumvi iliyopakwa rangi.

Tupige hesabu. Tuchukulie miligramu 300 kwa robo kijiko cha chai. Kijiko kimoja kikubwa kina robo 12, hiyo ni 3,600. Ongeza vikombe 8 vya mchuzi wa boksi, tuchukulie 800 kila kikombe, hiyo ni 6,400. Jumla 10,000. Gawa kwa watu 6: kila bakuli lina karibu 1,670. Hapo hujatia soseji, na mchana ulishakula mkate.

6/13
Kwa nini nalivalia njuga? Louisiana imo kwenye lile eneo la kusini-mashariki mwa Marekani ambalo wataalamu wanaliita Ukanda wa Kiharusi, kwa sababu kiharusi huua watu huko kuliko sehemu nyingine za nchi. Mimi nipo wodi ya moyo. Mtu ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu, akila chumvi nyingi, maji yanabaki mwilini. Miguu inavimba, usiku hawezi kulala chali, anaamka anatafuta hewa dirishani. Tunamlaza, tunamtoa maji kwa dawa, anapata nafuu, siku ya kutoka anapewa karatasi: "Kula chumvi kidogo." Basi. Karatasi haisemi supu ya mama yake aipikeje. Anafika nyumbani, anakula chakula cheupe kisicho na ladha siku nne, siku ya tano anashindwa, anarudi kwenye chupa. Baada ya wiki chache tunaonana tena. Halafu tunamwandika kwenye faili kwamba "hafuati masharti". Masharti gani mtu atayafuata yanayomwambia aache kuwa mtu wa kwao?

7/13
Haya, jikoni. Watu 6.

Nunua kamba gramu 700 wenye maganda, na vichwa kama vipo. Soma pakiti: ukiona neno lenye "phosphate", hao wametiwa dawa ya kushika maji, na sodiamu yao imepanda. Tafuta ambao kwenye orodha kuna kamba tu.

Menya, weka nyama kwenye friji. Maganda na vichwa usitupe! Hapo ndipo supu ilipo. Kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka yawe mekundu na jikoni kunukie. Tia lita 2 na robo za maji, mabaki ya vitunguu na seleri, punje chache za pilipili manga. Chemsha kwa moto mdogo nusu saa, chuja. Mchuzi wako huo, una harufu ya bahari na chumvi hujatia hata chembe. Boksi la dukani halifui dafu.

8/13
Viungo, changanya mwenyewe kwenye kopo:
– paprika vijiko 2 vya chai
– pilipili kali nyekundu ya unga kijiko 1 (kama hujazoea anza na nusu)
– pilipili manga nusu kijiko
– pilipili nyeupe nusu kijiko
– unga wa kitunguu saumu kijiko 1
– unga wa kitunguu maji kijiko 1
– thaimu kavu kijiko 1
– oregano nusu kijiko

Mnaona pilipili tatu tofauti? Mpishi Paul Prudhomme, Mcajun wa Opelousas aliyefungua mgahawa wake New Orleans mwaka 1979 na kukitangaza chakula hiki duniani, alipenda sana kuchanganya nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kila moja inawasha mahali pake, moja ulimini, nyingine kooni. Mdomo ukiwa na kazi hiyo yote, hautaulizia chumvi sana.

9/13
Sasa ruu. Ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta. Mafuta theluthi moja ya kikombe, unga kiasi hichohicho, moto wa chini kuelekea wastani, koroga dakika 20 hadi 30 bila kuondoka. Utapita kwenye rangi ya mchanga, kisha ya siagi ya karanga, kisha ya chokoleti. Simama unapopenda. Ukiona vidoti vyeusi imeungua, mwaga uanze upya, haitengenezeki.

Hapa nesi anaongea: ruu ya moto inanata kwenye ngozi, wapishi wa huko wanaifananisha na napalm. Watoto watoke jikoni, simu iweke mbali. Ikikurukia, vua pete na bangili, weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, yai hapana, asali hapana.

10/13
Ruu ikiwa tayari, tia ule utatu wa Wacajun: vitunguu maji 2, pilipili hoho 1, mashina 3 ya seleri, vyote vimekatwa vidogo. Vikishalainika, kitunguu saumu punje 4, kisha viungo vyako, koroga dakika moja. Mimina mchuzi kidogo kidogo huku unakoroga. Acha ichemke taratibu dakika 30. Bamia 10 zilizokatwa, kama unapenda, zitie hapa.

Chumvi: nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Imetosha.

Kamba ni wa mwisho kabisa, dakika 2 hadi 4. Akijikunja kama herufi C ameiva. Akifunga kama O amepitiliza, anakuwa mpira. Zima moto, kamulia limau zima, nyunyiza majani ya kitunguu. Limau linauamsha ulimi, unahisi kama chumvi imeongezeka kumbe wapi. Kula na wali uliopikwa bila chumvi. Kila bakuli lina sodiamu kama 300 hivi, ukilinganisha na ile 1,670.

11/13
Tahadhari, hizi msiziruke:
• Mzio wa kamba unaweza kukuanza ukubwani. Kupika hakuuondoi, na hata mvuke wa sufuria unaweza kumdhuru mwenye nao. Midomo ikivimba au kifua kikibana, tumia sindano ya adrenalini kama unayo, piga 911, usisubiri.
• Chumvi mbadala ya potasiamu inawasaidia watu wengi, lakini ukiwa na ugonjwa wa figo, au unatumia spironolactone, lisinopril au losartan, usiiguse kabla ya kumuuliza daktari wako. Potasiamu ikizidi inaharibu mapigo ya moyo.
• Supu iliyobaki iingie kwenye friji ndani ya saa 2, kwenye vyombo vipana vifupi. Imalizwe ndani ya siku 3 au 4.
• Mwenye moyo dhaifu ajipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku moja, au zaidi ya kilo 2 kwa wiki, piga simu kliniki siku hiyohiyo.

12/13
Najua mtasema nini. "Sister, nafanya shifti mbili, nikoroge unga nusu saa saa ngapi?" Haki yenu. Basi fanya kimoja tu: kopo la viungo lisilo na chumvi. Dakika tano, linakaa miezi. Maganda ya kamba yagandishe kwenye friza mpaka siku ya mapumziko. Ruu pika nyingi mara moja, igandishe kwa vipande.

Wengine watasema bila chumvi nyingi hiyo siyo Cajun halisi. Wale watu wa mabwawani walitumia chumvi, ndiyo, hasa kuhifadhi nyama. Ila chupa ya viungo vilivyokwisha kuchanganywa ni kitu cha juzi, bibi zao walipika bila hiyo. Uhalisi uko kwenye maganda, ruu, ule utatu na subira. Mwenye kuuacha mchuzi wa maganda akakimbilia boksi ndiye aliyetoka nje ya mila.

13/13
Mwisho, kwa manesi wenzangu. Kabla hujamkabidhi mgonjwa karatasi, muulize swali moja: "Jumapili kwenu mnapika nini?" Awe Mcajun wa Lafayette, awe mama wa Kikongo wa Houston, awe mzee wa Tanga anayeishi kwa mwanawe, jibu lake ndilo somo lako la lishe. Kaa naye dakika tano, mtafute chumvi iko wapi kwenye chakula hicho, itoeni hiyo, utamu muuache. Akitoka mlangoni awe na kitu cha kupika, siyo orodha ya kunyimwa tu.

Na nyie wadau: leo usiku geuzeni chupa zenu, mniwekee hapa chini namba ya sodiamu na ukubwa wa kipimo. Nitawapigia hesabu mmoja mmoja. Uzi ujao ni vidonge vya supu, vile tunavyotia kwenye kila mchuzi toka Mombasa hadi Bujumbura. Hapo sasa ndipo mtanichukia.