Mtu Aliyepona Kifua Kikuu na Pumzi Zake

Wasomaji wanajua ya kuwa kifua kikuu huponyeka. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba dawa za miezi 6 zaweza kutosha, ingawa zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mzima na zaidi. Lakini liko jambo lisilosemwa sana. Dawa huua vijidudu; hazifuti makovu yaliyokwisha kuachwa ndani ya mapafu. Ndiyo sababu mtu aweza kupimwa makohozi na kuambiwa amepona, na bado asiweze kupanda kilima cha shamba lake bila kusimama mara tatu.

Mtu huyu ana taabu mbili. Ya kwanza ni pumzi. Ya pili ni jamaa zake, nayo kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi: wengine humwita mvivu, na wengine humtengea kikombe, kana kwamba ugonjwa ungalimo. Makovu hayaambukizi. Aliyemaliza dawa na kuonekana safi na ale pamoja na watoto wake.

Tena amdhuruye ni yule amhurumiaye mno, asemaye, "Keti, Baba, usiguse kitu." Viungo visivyotumiwa hudhoofika, na viungo dhaifu hutaka pumzi nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, watu wa namna hii walifanyishwa mazoezi mara 2 kila wiki kwa wiki 6. Habari zao zilitolewa mwaka 2017, nao waliweza kutembea mbali kuliko mwanzo.

Basi nyumbani na atembee kila siku, aheme kidogo lakini asishindwe kusema. Pumzi ikimpungukia, avute hewa kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apulizaye uji wa moto. Kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Akiinua debe la maji, ainue huku akitoa pumzi. Palizi aigawe, aianze kabla ya jua kali, wala si aibu kupalilia ameketi juu ya kigoda. Tumbaku aiache kabisa, na jikoni penye moshi asiketi.

Lakini kikohozi kikizidi, au akitokwa na jasho usiku, au akikonda, au akitema damu, asidhani kuwa ni makovu tu. Arudi hospitali upesi apimwe tena, maana kifua kikuu chaweza kumrudia mtu aliyekwisha kupona.