Mashauri ya Nyumbani: Kuiamsha Pikipiki Iliyolala

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari za chombo kilichomo katika nyumba nyingi siku hizi, nacho ni pikipiki. Hapa Kibamba, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, pikipiki ndiyo miguu ya watu wakaao mbali na lami: hupeleka mgonjwa kwa mganga, mtoto shuleni, na mboga sokoni. Lakini mara nyingi mwenyewe husafiri, au huugua, au hufariki dunia, na pikipiki ikabaki imeegemezwa ukutani mwaka mmoja au miwili. Siku inapotakiwa tena, kijana hupiga kiki mpaka mguu uchoke, nayo haiwaki. Ndipo huja mtu akasema, “Injini hii imekufa, niuzieni kwa bei ya chuma chakavu.” Na wenye nyumba, kwa kutojua, huuza riziki yao.

Basi, kabla ya kuuza, tena kabla ya kupiga kiki hata mara moja, jueni kwamba mara nyingi injini ya namna hiyo haikufa. Imezibwa tu.

Sababu ni hii. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vilivyo vyepesi huruka hewani upesi. Vikiisha kuruka, hubaki utomvu unaonata kama gundi, nao hukaa ndani ya kabureta na kuziba jeti, ambayo tundu lake ni jembamba mno. Tena hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na masika ya Machi hata Mei huuzidisha. Unyevu huo huingia katika tangi lisilojaa, hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hushuka chini na kutia kutu.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuitoa petroli ya zamani yote na kutazama kama tangi lina kutu. Ifanyeni nje, mchana, mbali na jiko na sigara, na watoto wasikaribie. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kushika moto kwa cheche ndogo. Hatujasahau tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Petroli mbovu isimwagwe karibu na kisima wala mtaroni.

Kazi ya pili ni kabureta. Bakuli lake la chini lifunguliwe, jeti itolewe, ioshwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa pampu. Isichokolewe kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka, injini itakunywa mafuta kupita kiasi.

Kazi ya tatu ni injini yenyewe. Toeni plagi, mtie kijiko kimoja cha oili safi katika tundu lake, mkaiache usiku kucha. Asubuhi, plagi ikiwa bado nje na swichi imezimwa, sukumeni kiki kwa mkono polepole. Ikizunguka, ni habari njema. Ikikataa, msiikanyage kwa nguvu, maana ringi za pistoni zaweza kuvunjika. Hapo aitwe fundi. Oili ya zamani nayo imwagwe, maana imekusanya maji na uchafu ulao chuma, na mpya itiwe kwa kipimo chake. Plagi isafishwe au inunuliwe mpya. Chujio la hewa lifunguliwe, kwa kuwa panya hupenda kujenga humo, na eksozi itazamwe, kwa kuwa nyigu huiziba kwa udongo. Betri nayo, ikiwa imekaa muda mrefu bila chaji, haina budi kuchajiwa au kubadilishwa.

Yakiisha haya, tieni petroli mpya, mkaiwashe uani, wala si ndani ya chumba, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Sasa twafika penye neno kubwa la mwezi huu. Injini ikinguruma, nyumba nzima hufurahi, na kijana hupanda mara moja akaelekea barabarani. Hapo ndipo penye hatari. Kuwaka si kupona. Unyevu ule uliotia kutu tangini umeingia katika breki pia na katika nyaya zake, tairi limepata nyufa, mnyororo umekauka. Injini isiyowaka hukuacha nyumbani salama, lakini breki isiyoshika hukuacha chini ya lori, na katika barabara yetu malori na mabasi ya bara hupita usiku na mchana.

Kwa hiyo, kabla mtu hajapanda, isukumeni kwa mkono, mbane breki ya mbele, kisha ya nyuma. Kila gurudumu lisimame kabisa, tena likiachiwa lizunguke bila kukwama. Tairi lenye nyufa libadilishwe hata kama lashika upepo. Mnyororo utiwe oili, taa zijaribiwe. Bima itazamwe, maana huenda imekwisha muda, na sheria ya nchi yaitaka. Safari ya kwanza iwe polepole, katika njia za mtaani, bila abiria.

Na wewe ujuaye kwamba utasafiri miezi mingi, funga koki ya mafuta na uiache injini ifanye kazi mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Jaza tangi, fungua nyaya za betri, uisimamishe pikipiki kwa stendi kubwa mahali pakavu, mbali na moto. Kazi hiyo haimalizi saa moja, nayo itawaokoa wa nyumbani mwako wasiiuze pikipiki kwa bei ya chuma.